Bomba la Majura

Nyangeta, mjane wa Majura, alinipigia simu asubuhi, siku ya pili ya msiba, akasema, "Shemeji, njoo haraka. Wazee wamekataa kuzika." Nikamuuliza wamekataa kwa sababu gani, maana Majura hakuwa na ugomvi na mtu. Akasema wakati wanatoa vitu ndani ili watandike mikeka, wameona gunia limefungwa kamba juu ya boriti, na ndani yake kuna chuma chenye tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi. Baba mdogo wa marehemu amesema chuma hicho si cha bure, na kwa desturi ya pale Bugwema mtu hafukiwi wakati nyumbani kwake kuna kitu kisichojulikana kazi yake. "Wanasema ni uchawi. Mimi nimewaambia yuko mtu mmoja tu anayeweza kusema hicho kitu ni nini." Nikavaa koti, nikamwambia dereva wangu tuondoke.

Mimi ni mtu wa darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Duka langu la vipuri pale Musoma halikujengwa na elimu wala na mjomba mkubwa serikalini. Habari za ukoo wangu sitaziandika, watu wa ukoo wangu wanajijua. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliotengeneza lile bomba, kwa sababu njiani kwenda Bugwema nilikuwa naonaga nimeshausahau, na nilikuwa najidanganya.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Nyasho, mimi na Majura. Chumba cha udongo, kitanda kimoja cha kamba, tunalala mzungu wa nne. Kati yetu na jirani kulikuwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo tulikula na ugomvi wao. Mume akisema, "Chai gani hii haina sukari?" mke anajibu, "Itie maneno yako, si matamu?" Sisi huku tunacheka na ugali wa yanga mdomoni, ule unga wa njano wa msaada ambao ukiusonga vibaya unanuka gunia. Kitoweo kilikuwa furu, vile visamaki vya ziwani, siku nyingine dagaa, siku nyingine chumvi na pilipili. Kwenye duka la ushirika watu hawakupanga foleni wenyewe, walipanga mawe. Kila mtu jiwe lake, analijua, anaenda shamba anarudi anakuta jiwe limesogea kidogo. Nimewahi kusikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Jiwe langu limenenepa kuliko mimi." Sabuni ilikuwa hadithi. Tulifulia majani ya mpapai, na mwili tuliusugua kwa jiwe la ziwani, unatoka ngozi na uchafu unabaki. Vijana wa leo nikiwaambia hivyo wananiangalia kama nasema uongo. Wasinisadiki, hainipunguzii kitu.

Majura alikuwa na mopedi, pikipiki ndogo yenye pedeli kama baiskeli, ikichoka unaisaidia kwa miguu. Aliipata kwa kuchuuza samaki miaka mitatu mfululizo. Mimi nilikuwa fundi msaidizi kwenye kiwanja cha Mzee Kisyeri, mzee mmoja mwenye jicho moja zima, aliyefanya kazi Kisumu kwenye gereji za magari ya mashindano kabla hajarudi nyumbani. Injini ya mopedi ile hainywi petroli tupu, lazima uchanganye na oili ndani ya tangi. Sasa oili ya injini ilikuwa haipo. Haikuwa ghali, haikuwepo. Sisi tulichanganya mafuta ya pamba, yale ya kupikia, yaliyokuwa yanatoka kimyakimya kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mopedi ikawa inatoa moshi wa jikoni. Majura akipita Nyasho wanawake wanapiga kelele, "Majura, mandazi yanaungua!" Naye anawajibu, "Leteni sahani!" Lakini iliendaga. Polepole, kwa kukohoa, iliendaga.

Kile kiwanda, kule Bunda, kilikuwa kinatafuta tarishi. Kazi yenyewe ni kuchukua barua ofisini Musoma, kupitia Butiama kuacha za huko, na kufika Bunda kabla kengele ya saa sita haijalia. Ukiipata unapewa nyumba ya vyumba viwili, bati, sakafu ya saruji. Majura alikuwa ameoa mwaka ule, na Nyangeta alikuwa bado Bugwema jikoni kwa mama mkwe, mjamzito, anaandika barua kwa mkono wa mtoto wa jirani. Majura aliiona ile nyumba. Alirudi akanichorea vyumba kwa kijiti chini, "Hapa kitanda, hapa mtoto, hapa wewe ukija kula." Alijaribu kazi mara ya kwanza, akafika Bunda saa saba na nusu, amepiga pedeli mlima wote wa Butiama mpaka viatu vimelowa jasho. Karani mkuu akamwambia, "Kijana, wewe mwenyewe una nguvu, chombo chako ndicho mgonjwa. Nakupa nafasi nyingine mwezi ujao. Ukichelewa, usinipigie hodi tena."

Ndipo nikasema nitalibadilisha bomba la moshi. Wazo halikuwa langu, lilikuwa la Mzee Kisyeri, lakini kwa miaka mingi nimesema ni langu. Siku moja mzee alikuwa anakula muhogo akatuchorea kwa mkaa kwenye kibao. Akasema ekzosi ya kiwandani ni kama pua yenye mafua. Kule Kisumu walikuwa wanatoa ile, wanaweka bomba linaloanza jembamba, linapanuka kuwa tumbo, halafu linabana tena na kumalizika na kamkia kadogo. Lile tumbo linavuta moshi na kurudisha pumzi iliyotaka kupotea, injini inapata nguvu mara mbili. Nikauliza vipimo. Mzee akacheka. "Vipimo vilikuwa kwa mzungu. Mimi nilishikaga taa tu."

Bati tulikata kwenye pipa la dawa ya pamba. Gesi ya kuchomelea haikuwepo, tukapanda lori mpaka Buhemba, tukawapa wachimba dhahabu samaki wakavu, wakatupa mawe ya kabaidi, yale yanayotoa gesi ukiyamwagia maji. Kazi ngumu ilikuwa kukunja bati liwe pembe ya mviringo kama faneli. Hatukuwa na mashine. Nikaazima kinu na mchi kwa yule mama jirani wa chai isiyo na sukari, nikalilaza bati juu ya mchi, nikaligonga taratibu kwa nyundo ya mbao siku nne. Yule mama akawa anachungulia, "Fundi, unga unatoka lini?" Nilipima tumbo kwa shubiri na mkia kwa kidole. Nikaharibu mawili. La tatu nilipolichomelea na kulisugua kwa mchanga wa ziwani lilikuwa zuri, nasema ukweli. Nimetengeneza vitu vingi tangu hapo, nimetengeneza hata nyumba ya ghorofa, lakini sijatengeneza kitu kizuri kama lile bomba.

Tulilifunga siku ya Jumamosi. Tukatoa ile ekzosi ya zamani, imejaa masizi ya mafuta ya pamba magumu kama lami. Mzee Kisyeri akayakwangua kwa bisibisi, akayanusa, akaniita kando kwa neno letu la kumwita kijana. "Sikiliza, mura. Umeipa injini pua kubwa, ipe na mdomo. Panua tundu la jeti, linalopitisha petroli kwenye kabureta, iweze kunywa. Na haya mafuta ya mandazi basi. Zamani ilikuwa inatembea, sasa itakimbia. Ikikimbia inachemka, na haya yakichemka yanakuwa gundi. Gundi ikishika pistoni kwenye mteremko, tairi la nyuma linasimama hapo hapo. Mtafutie oili ya kweli hata kama ni ya siku moja." Tundu nililipanua, kwa sindano ya kushonea magunia. Habari ya oili nikamwambia Majura, na yeye hakuniuliza mara mbili. Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya kanisani, pea moja tu maishani. Akaenda navyo bandarini kwa fundi wa meli, akarudi na katambuga za tairi miguuni na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, ile ya kahawia yenye shingo fupi, imejaa oili ya injini mpaka kwenye kizibo. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anampa mwenzake mtoto. "Tunza hii, ya siku ile."

Tukaliwasha bomba. Sikuwahi kusikia sauti ile. Ilikuwa kama mtu anapasua kitambaa kipya kutoka Nyasho mpaka ziwani. Kuku walikimbia, mbuzi akakata kamba. Majura alienda mpaka njia panda na kurudi, macho yanatoka machozi ya upepo, akasema, "Mura, hii siyo mopedi tena, hii ni hasira." Watu walijaa kiwanjani. Kwa mara ya kwanza nikasikia wakiuliza, "Nani amelitengeneza?" na kidole kikanielekea mimi, mtoto wa darasa la nne. Ninyi mliosoma hamjui neno hilo linamfanyaje mtu. Lilinilewesha wiki nzima. Na nikaanza kufikiri ile siku ya Bunda, karani mkuu atauliza vile vile, nani amelitengeneza, na mimi nitajitokeza nanuka mpapai na jasho, shati limekakamaa kama ngozi ya mbuzi.

Siku mbili kabla ya safari akapita dereva wa lori ana miche ya sabuni kutoka upande wa pili wa mpaka, ameificha chini ya kiti. Hataki pesa, pesa zilikuwa karatasi. Anataka oili, lori lake linakufa. Nilisimama naye nyuma ya kiwanja dakika tano labda. Nilijiambia mafuta ya pamba yameendesha mopedi hii mwaka mzima. Nilijiambia mzee ni mwoga, ana jicho moja. Nikampa chupa, nikapokea mche mmoja wa sabuni ya bluu. Hakuna aliyenishurutisha, hakuna mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Nilitaka kunukia.

Asubuhi ya safari nilichanganya tangi mimi mwenyewe kabla sijapanda lori kutangulia Bunda. Majura aliwasha injini ipate moto, na ile harufu ya kukaanga ikatoka. Akageuka akaniangalia. "Mbona kama mandazi?" Nikamjibu bila kumeza mate, "Ni mabaki kwenye tangi. Yataisha." Akaitikia kwa kichwa, akakaza begi la barua mgongoni. Mtu akikuamini hahitaji jibu refu.

Bunda niliomba maji kwa mlinzi, nikaoga nyuma ya banda la pamba kwa ile sabuni, kichwa mpaka kisigino. Nikafua shati, likakaukia mwilini. Nikasimama kwenye geti. Karani mkuu akatoka saa nne kuangalia, akaniuliza mimi ni nani, nikasema ni fundi wa Majura. Akasema, "Fundi safi." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Saa tano nikaanza kutega sikio, maana lile bomba ungelisikia kabla hujaliona. Wachambuaji walikuwa wanabishana habari ya mgawo wa unga, mmoja anasema, "Sisi tunachambua pamba, wakubwa wanachambua sisi," wenzake wanamwambia anyamaze. Kengele ya saa sita ikalia. Karani hakutoka tena. Nikabaki pale getini, shati jeupe.

Lori lililomleta lilikuwa limebeba robota za pamba. Lilimkuta amelala kwenye mtaro chini ya mteremko wa Butiama, mopedi upande mwingine wa barabara, katambuga moja juu ya mti wa mnyaa. Wasafiri waliniambia aliwapita mlimani wakiwa kwenye gari la mizigo, aliwapita akicheka. Mlima aliushinda. Ilikuwa kule kwenye kushuka tairi la nyuma likasimama. Nilipanda juu ya robota nikamshika mabega ili tumshushe. Paja lilikuwa limegeuka mahali ambapo paja haligeuki. Uso wake ulikuwa kwenye shati langu. Akavuta pumzi akasema polepole, "Unanukia, mura." Akazimia.

Hospitalini ilibidi tulete wenyewe shuka, wembe, pamba, hata kamba. Mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyopita juu ya chuma cha kitanda na kuning'iniza tofali mbili za kuchoma. Alilala hivyo miezi mitatu. Nyangeta alijifungua mtoto wa kike akamleta mgongoni kumwonyesha, akakaa sakafuni kati ya vitanda anamnyonyesha, anamwambia, "Baba yako anavutwa awe mrefu." Mguu ukaunga mfupi. Mimi nilienda kila Jumapili na ugali na furu. Kila Jumapili njiani nilikuwa nimeshapanga maneno, na kila nikifika anaanza yeye, "Bomba lako lilikuwa zuri. Pale mlimani, mura, nilikuwa siguzi pedeli." Basi namwekea ugali, tunakula. Nilimwambia ni mchanga, mchanga ulimtelezesha. Akasema, "Labda." Kazi ya tarishi alipewa mtu mwenye pikipiki mpya. Majura alipotoka alibeba mopedi yake vipande vipande kwenye gunia, akapanda gari la Bugwema, akaanza kuziba baiskeli na karai za watu. Ile nyumba ya vyumba viwili hakuitaja tena.

Halafu mambo yakafunguliwa. Bidhaa zikaingia, kwanza kidogo, halafu kama mafuriko. Watu walianza kuuza sabuni kwenye meza barabarani, na hakuna aliyekimbia. Mimi nikaona wapi pana kiu. Kitu cha kwanza nilichouza maishani kilikuwa oili, makopo kumi na mawili kwenye kigenge cha mabati. Ikawa duka, duka likawa mawili. Sikuomba mtu. Majura alikuja dukani mara moja tu, na fimbo yake. Nikamwekea kiti, nikamwagizia soda na sambusa. Hakukaa. Alizunguka akiangalia makopo kwenye rafu, kwa foleni, mekundu, ya njano, ya bluu. Akachukua moja, akafungua kizibo, akanusa, akafunga. "Siku hizi ipo," akasema. Nikamwambia achukue hata katoni. Akasema, "Nitachanganya na nini?" Tukacheka wote wawili, mimi kwa sauti zaidi. Akaondoka. Nilidhani ni utani wa mtu maskini.

Nilipofika Bugwema juzi waombolezaji walikuwa wamekaa upande mmoja wa uwanja, na gunia liko peke yake upande mwingine, kama mbwa mwenye kichaa. Nyangeta alikuwa mlangoni, amezeeka, chini ya paa la nyasi lile lile. Baba mdogo, mzee asiyeona vizuri, akasema kwa sauti, "Mwenye mali amekuja? Aseme." Nikainama, nikaingiza mkono. Watu wa mbele walirudi nyuma. Nikalitoa bomba, halikuwa na kutu hata kidogo, alikuwa analipaka kitu miaka yote. Nikasema, "Tata, hili ni bomba la moshi la mopedi. Nililitengeneza mimi kwa mchi wa kinu." Watu wakacheka, wakapumua. Mzee akauliza, "Hakuna kingine?" Nikaingiza mkono tena. Kulikuwa na kitu kidogo kizito kwenye kitambaa.

Ilikuwa pistoni. Aliifungua injini mwenyewe, kule kwake, kwa mikono yake, na alikuwa fundi. Ringi zilikuwa zimegandia ndani ya mifereji yake kwa gundi ya kahawia, ngumu, inayong'aa kama utomvu. Nikaisogeza puani. Baada ya miaka yote hiyo bado inanuka jikoni. Basi alijua. Alijua aliponiangalia dukani, alijua aliposema labda, na nadhani alijua mapema zaidi, juu ya robota za pamba, uso wake ukiwa kwenye shati langu. Na hakuniuliza. Wengine wataniambia alinisamehe. Mtu aliyesamehe haviringishi pistoni kwenye kitambaa na kuipandisha juu ya boriti.

"Na hicho kilikufa na nini?" akauliza baba mdogo.

Nyangeta alikuwa ananiangalia. Uwanja mzima ulikuwa unaniangalia. Nilikuwa na miaka yangu, koti langu, gari langu kivulini, dereva ameshika mlango.

"Kilikosa oili, tata," nikasema. "Mnaikumbuka miaka ile. Oili haikuwepo."

Wazee wakaguna kwa pamoja, wakaikumbuka miaka ile. Mmoja akataja mawe ya foleni, mwingine majani ya mpapai. Wakasema basi, tumzike mtu wetu. Tukamzika.

Oili ilikuwepo. Chupa ya kikohozi, ya kahawia, ya shingo fupi, imejaa mpaka kwenye kizibo.